Lorraine Hansberry: Maisha yaliyopimwa kwenye dirisha la tiketi

Mwezi Januari 1959, tamthilia mpya iliyoandikwa na mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 28 ilianza kuoneshwa katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani. Waigizaji walikuwa wamekamilika, mandhari ya jukwaa yalikuwa yamejengwa na tiketi zilikuwa zikiuzwa. Kilichokosekana ni ukumbi wa New York. Miongoni mwa wenye kumbi za Broadway, hakuna aliyekuwa amekubali kuipokea.

Mwandishi huyo alikuwa Lorraine Hansberry, na tamthilia yenyewe ni A Raisin in the Sun, jina alilolichota katika shairi la Langston Hughes. Leo kazi hiyo husomwa madarasani na kuoneshwa katika nchi nyingi, kiasi kwamba ni vigumu kuamini iliwahi kutangatanga ikitafuta pa kuweka viti.

Ili kuielewa safari hiyo, yafaa kwanza kujua jinsi biashara ya Broadway inavyoendeshwa. Ukumbi huwa na mwenyewe, na tamthilia huwa na mwenyewe mwingine. Mtayarishaji hukusanya fedha kwa wawekezaji, huajiri mwongozaji na waigizaji, kisha hukodi ukumbi. Mwenye ukumbi naye huchukua sehemu ya mapato ya mlangoni. Mapato yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, anaweza kuutoa mchezo na kuingiza mwingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuingia New York, mchezo ulikuwa ukipelekwa kwanza katika miji mingine ili ukatwe, urekebishwe na upimwe: je, watu watanunua tiketi?

Kwa tamthilia ya Hansberry, wenye fedha walidhani jibu wanalo tayari. Waliamini kwamba wanunuzi wa tiketi za Broadway ni Wazungu, na kwamba Mzungu angelipa kuwaona weusi wakiimba na kucheza, lakini si kuketi saa nzima na zaidi akitazama shida za familia moja nyeusi katika nyumba yake ya kupanga.

Nyumba ya Chicago

Hansberry alizaliwa tarehe 19 Mei 1930 mjini Chicago, kitinda mimba katika familia ya watoto 4. Baba yake, Carl Hansberry, alikuwa mfanyabiashara wa nyumba. Alinunua majengo makubwa, akayagawa katika vyumba vidogo vyenye jiko, na kuwapangisha weusi waliokuwa wamesongamana upande wa kusini wa jiji kwa kuwa kwingineko hawakuruhusiwa kuishi. Baba yake mkubwa, William Leo Hansberry, alifundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwa Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Afrika, basi, haikuwa hadithi ya mbali katika nyumba ile.

Mwaka 1937 Carl Hansberry alinunua nyumba katika mtaa ambao wakazi wake Wazungu walikuwa wametia saini mkataba wa kutouza wala kupangisha kwa mtu mweusi. Kundi la watu wenye hasira lilikusanyika nje. Kitu kizito kilirushwa dirishani na kumkosa kidogo Lorraine, aliyekuwa na umri wa miaka 7. Baba alipokuwa mbali akipigania kesi, mama yake, Nannie, alikesha akiwalinda wanawe na bastola mkononi. Kesi hiyo, Hansberry dhidi ya Lee, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ikashinda. Hata hivyo, ushindi wenyewe ulisimama juu ya hoja ya utaratibu wa sheria tu. Mikataba ya aina ile iliendelea kutumika kwingineko hadi mahakama hiyohiyo ilipoinyima nguvu mwaka 1948. Carl Hansberry hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1946 nchini Mexico, alikokuwa akijiandaa kuihamishia familia yake.

Wengi walioiona A Raisin in the Sun walidhani kwamba Hansberry alikuwa akisimulia maisha ya kwao. Sivyo hasa. Familia ya Younger aliyoiumba huishi kwa mishahara ya kufanya kazi majumbani na ya udereva. Watu wa vizazi vitatu hubanana ndani ya vyumba vichache, na choo wanachangia na majirani. Wanasubiri dola 10,000 za bima ya maisha ya baba aliyefariki, na kila mmoja ana ndoto yake juu ya fedha hizo: mama anataka nyumba, mtoto wa kiume anataka duka la pombe, binti anataka kusomea udaktari. Tukio la nyumba katika mtaa wa Wazungu lilitoka kwao Hansberry, lakini vyumba vile vilikuwa vya wapangaji wa baba yake.

Alisoma miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Huko ndiko alikoiona tamthilia ya Sean O'Casey kuhusu familia maskini ya Dublin, akatambua kwamba ugomvi wa jikoni unaweza kubeba habari za taifa zima. Mwaka 1950 aliacha masomo na kwenda New York, akaajiriwa na Freedom, gazeti la mwimbaji na mwanaharakati Paul Robeson. Desemba 1952, miezi miwili tu baada ya Uingereza kutangaza hali ya hatari nchini Kenya, aliandika humo makala ya kuwatetea Wakikuyu, wakati magazeti mengi ya Marekani yakiwaita washenzi.

Mwaka 1953 aliolewa na Robert Nemiroff, Myahudi wa New York. Waliishi maisha ya kubangaiza hadi mwaka 1956, pale wimbo ambao Nemiroff aliutunga pamoja na rafiki yake ulipopendwa na kununuliwa sana. Fedha za wimbo huo ndizo zilizomwezesha Hansberry kuacha vibarua na kukaa mezani kuandika.

Jina moja la kuuza tiketi

Mwaka 1957 alimsomea tamthilia yake Philip Rose, mchapishaji wa muziki ambaye hakuwahi kutayarisha mchezo wowote wa Broadway. Rose aliamua papo hapo kwamba ataufikisha jukwaani. Huenda kutoijua biashara hiyo ndiko kulikompa ujasiri, kwa kuwa watayarishaji wazoefu aliowafuata walimwambia haiwezekani.

Karata yake kubwa ilikuwa Sidney Poitier. Wakati huo Poitier alikuwa mwigizaji mweusi pekee wa kiume ambaye jina lake kwenye bango la filamu liliwavuta watu wa rangi zote, na alipokubali kuwa Walter Lee, mtoto wa kiume wa familia ya Younger, mradi ulipata uhai. Poitier ndiye pia aliyempendekeza mwalimu wake wa uigizaji, Lloyd Richards, kuwa mwongozaji. Jambo la Mmarekani mweusi kuongoza tamthilia ya Broadway halikuwa limezoeleka kabisa katika zama hizo.

Nafasi nyingine zilijazwa na watu ambao wengi wao hawakujulikana. Claudia McNeil alikuwa Lena, mama wa familia. Ruby Dee alikuwa mke wa Walter, Diana Sands dada yake, na Ivan Dixon akawa Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria. Louis Gossett alipewa nafasi ya kijana wa kitajiri, naye Glynn Turman, mtoto bado, akawa mwana wa Walter. Ukiyatazama majina hayo leo, karibu kila mmoja alikuja kuwa na historia yake katika filamu au jukwaa la Marekani. Mwaka 1958 yalikuwa majina ambayo hakuna mwekezaji aliyeyafungulia mkoba.

Fedha zilichukua zaidi ya mwaka kupatikana. Wawekezaji wakubwa walikataa, hivyo Rose na mshirika wake David Cogan, mhasibu, wakachangisha kidogo kidogo kutoka kwa watu zaidi ya 100.

Philadelphia

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1959 chema kililazimika kujitembeza. Baada ya siku chache New Haven, kundi lilihamia Philadelphia, katika ukumbi wa Walnut Street, na huko mambo yakageuka. Wahakiki wa mji huo waliusifu mchezo, na kwenye dirisha la tiketi wakaanza kujitokeza watu ambao ukumbi ule haukuwa umezoea kuwaona: wafanyakazi wa ndani, wapishi, madereva, walimu wa shule za weusi. Watayarishaji walisimulia baadaye habari za mama mmoja aliyekuja kununua tiketi, akaulizwa kwa nini atoe fedha nyingi ilhali Poitier anaweza kumwona kwenye sinema kwa bei ndogo. Mama yule alieleza kwamba mtaani kwao watu wanasema kuna jambo linaloendelea pale ambalo linamhusu yeye.

Mwandishi James Baldwin, aliyeuona mchezo huo Philadelphia, alikiri kwamba hakuwahi kuona weusi wengi kiasi kile ndani ya ukumbi wa maonyesho. Kwa maoni yake, weusi walikuwa hawaendi kwenye kumbi hizo kwa sababu kumbi zenyewe zilikuwa haziwaoneshi walivyo. Miongoni mwa watazamaji wa Philadelphia alikuwamo pia mtu wa shirika la upelelezi la FBI, ambalo lilikuwa likimfuatilia Hansberry tangu siku zake za gazeti la Freedom. Alitumwa kuchunguza iwapo tamthilia hiyo ilikuwa ya kikomunisti. Taarifa yake haikuona hatari hiyo.

Kilichoona mbali zaidi ni daftari la mauzo. Familia ya Shubert, yenye kumbi nyingi kuliko yeyote New York, iliposikia habari za misururu ya Philadelphia, ilitoa ukumbi wa Ethel Barrymore. Ila haukuwa wazi hadi Machi. Ikabidi kundi lizunguke tena, safari hii hadi Chicago, mji alikozaliwa mwandishi, na kuonesha katika ukumbi wa Blackstone.

Huko Chicago ndiko mvutano wa chini kwa chini kati ya nyota wawili ulipopamba moto. Poitier, kama alivyoeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake, aliamini kwamba hadithi ni ya Walter, na kwamba ikioneshwa kama hadithi ya mama itampunguzia kijana mweusi uzito wake. McNeil, mwanamke mwenye kishindo jukwaani, hakuwa tayari kurudi nyuma hata hatua moja. Richards, akiwa katikati, aliwaacha wasukumane, na msukumano huo ukaupa mchezo joto ambalo mazoezi matupu yasingeweza kulileta. Miezi michache baadaye, katika makala aliyoiandika Agosti 1959, Hansberry aliitoa mwenyewe kasoro ya kazi yake hadharani: kwamba tamthilia haina mhusika mmoja anayesimama katikati. Si waandishi wengi wanaojihukumu hivyo wakati tiketi zao zinanunuliwa.

Tarehe 11 Machi 1959 pazia la Ethel Barrymore likafunguliwa. Kwa mara ya kwanza tamthilia ya mwanamke mweusi ilikuwa Broadway. Ilipokwisha, watazamaji walisimama wakimwita mwandishi, na Poitier akashuka jukwaani, akamshika mkono, akampandisha. Wahakiki wa magazeti ya kila siku walisifu, na misururu ya Philadelphia ikajirudia New York. Wiki chache baadaye, Chama cha Wahakiki wa Tamthilia cha New York kilimpa tuzo ya tamthilia bora ya Marekani ya msimu huo, ambamo walikuwamo pia Tennessee Williams, Archibald MacLeish na marehemu Eugene O'Neill. Alikuwa Mmarekani mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, na mweusi wa kwanza.

Mtihani mwingine ulikuja pale Poitier alipoondoka kurejea kwenye filamu. Nafasi yake ilichukuliwa na Ossie Davis, mume wa Ruby Dee, mwigizaji hodari lakini mpole zaidi, ambaye hakuwa na mvuto wa sinema. Kwa hesabu za kawaida za Broadway, nyota akiondoka viti hubaki wazi. Havikubaki. Tarehe 19 Oktoba 1959 mchezo ulihamia ukumbi wa Belasco. Uhamisho kama huo huvuruga kila kitu, kuanzia taa hadi mazoea ya wanunuzi, lakini watu waliufuata huko. Ulikoma Juni 1960 baada ya maonyesho 530. London ilikuwa imekwisha kuuona tangu Agosti 1959, katika ukumbi wa Adelphi.

Ishara dirishani

Filamu ya mwaka 1961 iliwachukua wengi wa waigizaji walewale. Hansberry aliandika mwenyewe matini yake, akiongeza matukio mengi ya nje ya nyumba ili kuuonesha mji wa Chicago ulivyowabana weusi, lakini kampuni ya filamu ilikata sehemu kubwa ya matukio hayo. Televisheni ya NBC nayo ilimwagiza tamthilia kuhusu utumwa, akaiandika, na ikafungiwa kabatini pasipo kuoneshwa.

Mwaka 1963 alianza kuugua saratani ya kongosho. Mwaka uliofuata yeye na Nemiroff walitalikiana kimyakimya, ingawa waliendelea kufanya kazi pamoja kama zamani. Nemiroff ndiye aliyekuwa mmoja wa watayarishaji wa tamthilia yake ya pili ya Broadway, The Sign in Sidney Brustein's Window.

Kazi hiyo iliwashangaza waliokuwa wakisubiri familia nyingine ya weusi. Mhusika mkuu ni Myahudi msomi wa Greenwich Village, aliyechoka na siasa kisha akavutwa tena ndani yake. Hata kuwapata waigizaji kulikuwa kwa tabu. Mchekeshaji Mort Sahl, aliyetangazwa kuwa Sidney, aliondoka wakati wa mazoezi, na Gabriel Dell akachukua nafasi yake. Mke wa Sidney alikuwa Rita Moreno. Mwongozaji pia alibadilishwa. Hansberry, ambaye nguvu zilikuwa zikimwishia, alihamia hoteli iliyo karibu na ukumbi ili aweze kufika mazoezini kwa kiti cha magurudumu.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1964 katika ukumbi wa Longacre. Wahakiki waligawanyika, na Broadway haina huruma na mchezo ambao wahakiki wamegawanyika juu yake. Mauzo yalikuwa hafifu, na tangazo la kufunga likaandaliwa. Muda mfupi baada ya ufunguzi, mwandishi alilazwa hospitalini.

Kilichofuata si cha kawaida katika biashara ile. Wasanii wenzake, miongoni mwao James Baldwin, Anne Bancroft, Mel Brooks, Ossie Davis na Ruby Dee, walitia majina yao katika matangazo ya magazetini wakiwasihi watu wakaone mchezo ule kabla haujazimwa. Michango ilitolewa, na wengine walijitolea kuuza tiketi. Wiki baada ya wiki mchezo ukasogezwa mbele. Mwezi Desemba, Longacre ilipohitajika kwa mchezo mwingine, ukahamishiwa ukumbi wa Henry Miller. Uhamisho wa mwaka 1959 ulikuwa wa mchezo unaoshiba. Huu ulikuwa wa mchezo unaobebwa mgongoni. Ulifikisha maonyesho 101, na ukakoma katika siku zilezile alipokuwa akikata roho. Lorraine Hansberry alifariki tarehe 12 Januari 1965, akiwa na umri wa miaka 34.

Alizikwa siku chache baadaye. Theluji nzito ilikuwa ikianguka Harlem, lakini mamia ya watu walifika kanisani. Paul Robeson, mwajiri wake wa zamani New York, alizungumza. Malcolm X alikuwamo miongoni mwa waombolezaji, na wiki chache baadaye yeye mwenyewe aliuawa.

Nemiroff alitumia miaka iliyobaki ya maisha yake kuzipanga karatasi alizoziacha. Mwaka 1970 alifikisha Broadway tamthilia ya Les Blancs, iliyowekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika iliyo chini ya wakoloni, na ambayo ndani yake vivuli vya Kenya ya miaka ya 1950 vinaonekana waziwazi. Mhusika mkuu alikuwa James Earl Jones, na ukumbi ulikuwa uleule wa Longacre. Ilidumu maonyesho 40 tu. Kinyume chake, mwaka 1973 A Raisin in the Sun iligeuzwa mchezo wa nyimbo, ukaitwa Raisin, ukapata tuzo ya Tony na kuoneshwa mara 847. Waliosema mwaka 1958 kwamba mnunuzi wa tiketi anataka weusi waimbe hawakuwa wamekosea kabisa kuhusu mnunuzi.

Tangu hapo familia ya Younger imerejea Broadway kila walipopatikana majina ya kujaza viti. Mwaka 2004 Walter alikuwa mwanamuziki Sean Combs, uteuzi uliozua minong'ono lakini ukauza tiketi, huku Phylicia Rashad, aliyekuwa mama, akiondoka na tuzo ya Tony. Mwaka 2014 alikuwa Denzel Washington, katika ukumbi uleule wa Ethel Barrymore.

Sidney Brustein alisubiri zaidi. Mwanzoni mwa 2023 mchezo huo ulioneshwa Brooklyn, ukiwa na Oscar Isaac na Rachel Brosnahan, na tiketi zikagombaniwa. Wakati ukielekea mwisho, ukumbi mmoja wa Broadway ukabaki wazi ghafla, na katika muda wa wiki chache mchezo ukavushwa mto na kuingia humo mwezi Aprili. Ukumbi huo siku hizi huitwa James Earl Jones. Miriam Silverman, aliyecheza nafasi ya shemeji wa Sidney, alishinda tuzo ya Tony mwezi Juni, na maonyesho yakaendelea hadi mwanzoni mwa Julai.